Krismasi ya Asiye na Kitu

Kila Desemba inapoingia, mabishano mawili hurudi miongoni mwa Wakristo. La kwanza hupigwa hadharani, kwenye vijiwe, kwenye makundi ya simu na wakati mwingine mimbarani: je, Yesu alizaliwa kweli tarehe 25, na kama tarehe hiyo haimo kwenye Biblia, kwa nini tunaisherehekea? La pili hufanyika ndani ya nyumba, watoto wakishalala, baba na mama wakihesabu kilichobaki. Nauli ya kwenda nyumbani imepanda, nguo za watoto bado, mchele na nyama bado, na Januari shule zinafunguliwa. Mwaka huu Krismasi itatukuta na nini?

Juu ya bishano la kwanza wasomi wameandika sana. Mimi naliona la pili kuwa zito zaidi, kwa sababu ndani yake mmejificha wazo lililowaumiza waumini wengi wanyonge bila wao kulitamka: kwamba Krismasi ni sikukuu ya wenye nacho, na asiye nacho huila nusu, au huitazama ikipita. Nikiisoma habari yenyewe ilivyoandikwa naona kinyume chake kabisa. Krismasi ilianzia kwa asiye na kitu, na mwenye nacho alikaribishwa baadaye. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, lakini kwanza tulimalize hilo la tarehe, maana linawasumbua watu wema bila sababu.

Tarehe 25 ilitoka wapi

Ni kweli kwamba hakuna Injili inayotaja siku wala mwezi. Marko anaanza na Yohana Mbatizaji nyikani, Yesu akiwa tayari mtu mzima. Injili ya Yohana inaanza na Neno aliyekuwako tangu mwanzo. Mathayo na Luka ndio wanaosimulia kuzaliwa, nao hawasemi ilikuwa lini katika mwaka. Karibu mwaka 200, Klementi wa Aleksandria aliandika kwamba wapo waliodhani ilikuwa Aprili na wapo waliodhani ilikuwa Mei. Ushahidi wa wazi wa kwanza kwamba Kanisa liliadhimisha tarehe 25 Desemba unatoka Roma, katika kalenda ya mwaka 354, na mpangilio wa orodha zake unaonyesha kwamba huko siku hiyo ilikuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 336.

Kwa nini siku hiyo? Maelezo yako mawili. La kwanza ni kwamba Warumi walikuwa na ibada ya Jua Lisiloshindwa, ambalo Kaisari Aureliano alilijengea hekalu na kulizindua mwaka 274, na tarehe hiyo iko karibu na siku ambapo mchana huanza kurefuka huko kaskazini. Wakristo, kwa maelezo haya, waliweka kumbukumbu ya nuru yao mahali pa nuru ile nyingine. La pili ni kwamba Wakristo wa kale walidhani Yesu alitungwa mimba tarehe ile ile aliyokufa, 25 Machi, na ukihesabu miezi tisa kutoka hapo unaangukia 25 Desemba. Wanahistoria hawajakubaliana, na huenda yote mawili yalichangia. Hakuna kati ya hayo linalomfanya Mkristo wa leo kuwa mwabudu jua. Jumapili nayo Warumi waliiita siku ya jua, na hatujaacha kusali Jumapili.

Bibi na babu zetu wengi walizaliwa kabla ya vyeti. Ukiwauliza walizaliwa lini wangekuambia mwaka wa nzige, au wakati wa vita ya Mjerumani, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kwa kutojua tarehe basi hawakuzaliwa. Sikukuu ni siku iliyochaguliwa ili jambo likumbukwe pamoja. Waarmenia hukumbuka tarehe 6 Januari, Wakopti wa Misri na Waorthodoksi wa Ethiopia tarehe 7 Januari, na wote wanamkumbuka mtoto yule yule. Wapo pia walioiacha kabisa. Bunge la Uingereza liliifuta mwaka 1647, na mwaka 1659 koloni la Massachusetts liliweka faini ya shilingi tano kwa atakayekutwa akiisherehekea. Mashahidi wa Yehova hawaiadhimishi hadi leo. Anayeiacha kwa dhamiri safi asisumbuliwe, na anayeishika kwa dhamiri safi asitishwe. Paulo alikwisha kuwaandikia Warumi katika sura ya 14 kwamba mmoja hutofautisha siku na siku na mwingine huona siku zote ni sawa, na kila mtu awe na hakika katika moyo wake.

Basi tuje kwenye habari yenyewe.

Kila mtu mjini kwao

Luka anaanza na amri ya serikali. Kaisari Augusto anataka watu waandikwe majina ulimwenguni mwote, na dola inapoandika majina ya watu iliowatawala huwa inatafuta kodi. Wazee wetu wangeielewa aya hiyo bila mwalimu. Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba huku kwetu mwishoni mwa miaka ya 1890, kuhesabiwa kwa nyumba kulikuwa na maana moja tu. (Wanahistoria wana fundo lao hapa: uandikishaji unaojulikana wa Kirenio, liwali wa Shamu anayetajwa na Luka, ni wa mwaka 6 baada ya Kristo, ilhali Herode alikufa mwaka 4 kabla ya Kristo, na Mathayo anasema Yesu alizaliwa Herode akiwa hai. Fundo hilo halijafunguliwa kwa namna inayowaridhisha wote, na silifichi. Anachotaka Luka tukione hakibadiliki: mkubwa ametoa amri Roma, na mjamzito wa Nazareti analazimika kusafiri.)

"Watu wote wakaenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao." Yusufu seremala anatoka Nazareti kwenda Bethlehemu, zaidi ya kilomita 100, kwa sababu huko ndiko kwenye asili ya ukoo wake.

Tanzania nzima huwatania Wachaga wa Kilimanjaro kwamba Desemba wanakwenda kwao kuhesabiwa. Mabasi hujaa stendi ya Magufuli pale Mbezi, treni ya Moshi iliyorejeshwa Desemba 2019 hujaa nayo, na kwa wiki mbili barabara za Marangu, Kibosho, Machame na Rombo huwa na magari kuliko mwaka mzima. Nairobi nako watu huelekea ushago. Kinachowapeleka Wachaga ni kihamba, lile shamba la migomba na kahawa ambako nyumba ya baba iko na makaburi ya babu yako. Huko mtoto mchanga huonyeshwa kwa ukoo kwa mara ya kwanza, ndoa hubarikiwa, kipaimara hufanyiwa sherehe, na ugomvi wa mpaka kati ya ndugu hupata siku ya kusikilizwa. Mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa, na kila aliyefika huonekana kwamba yupo.

Utani huo una upande mchungu. Wapo watu waliokaa Dar es Salaam Desemba baada ya Desemba bila kupanda basi, na nauli haikuwa kikwazo pekee. Wanaona aibu kufika mikono mitupu. Kaka mkubwa atakuja na gari, shemeji ataleta mifuko ya sukari, mama ataletewa blanketi na ndugu wengine, na wewe unayeuza maji barabarani utafika na nini? Kuhesabiwa kunakuwa kuhesabiwa ulichonacho.

Ndiyo maana namtazama sana Yusufu katika aya hizo. Huyu alikwenda kwao akiwa hana kitu. Hakubeba zawadi inayotajwa, mkewe alikuwa na mimba iliyokuja kwa namna ambayo watu wangeisema, na mtoto alipozaliwa hawakuwa na mahali pa maana pa kumlaza. Akaandikwa vilevile, pamoja na wengine wa ukoo wa Daudi. Mtu anayekwenda kijijini na begi tupu yuko karibu na habari ya Krismasi kuliko anavyodhani.

Hori

"Akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe, kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni." Tumezoea kupiga picha ya banda la peke yake nje ya mji, na mwenye gesti mkali anayefunga mlango. Luka hamtaji mwenye gesti wala banda, na hamtaji ng'ombe wala punda. Hao wawili wachoraji na wahubiri waliwachukua kwa nabii Isaya, sura ya kwanza, anaposema ng'ombe anamjua bwana wake na punda anajua mahali pake pa kulia, ila watu ndio wasiojua. Wafafanuzi wengi wa leo wanaona kwamba tukio lilikuwa ndani ya nyumba ya kawaida ya wakulima. Katika nyumba za namna hiyo watu walilala upande mmoja, mara nyingi palipoinuka kidogo, na wanyama waliingizwa ndani usiku upande wa chini, na hori likawa katikati ya maisha ya familia. Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 28, mwanamke wa Endori ana ndama aliyenona humo humo nyumbani mwake. Nyumba ilijaa wageni waliokuja kuandikwa, mahali pa wageni pakakosekana, mzazi akajifungulia palipobaki.

Kwa msomaji wa Ulaya hili linahitaji michoro na maelezo marefu. Kwa Mchaga wa kizazi kilichopita lisingehitaji. Katika nyumba ya msonge ya zamani mlimani, ng'ombe walilala ndani pamoja na watu, wakalishwa majani yaliyokatwa na kubebwa kichwani na akina mama, na joto la wanyama lilisaidia dhidi ya baridi ya usiku. Mtoto aliyezaliwa humo alisikia ng'ombe akicheua kabla hajasikia kengele ya kanisa. Wamisionari walipokuja kusimulia habari ya Bethlehemu, waliwaambia watu jambo ambalo watu hao walikuwa wakiliishi.

Jambo lenyewe lina uzito kwa sababu Luka analirudia. Malaika anawaambia wachungaji kwamba hii ndiyo ishara: mtamkuta mtoto mchanga amevikwa nguo za kitoto, amelala katika hori. Ishara ya Mwokozi ingeweza kuwa moto, au nyota, au sauti juu ya hekalu. Wachungaji wakapewa kitu wanachokijua kwa kukishika, mahali wanapoweza kuingia bila kubisha hodi mara mbili, bila kuulizwa wametumwa na nani. Angezaliwa katika jumba la Herode, wasingefika hata getini.

Mtakatifu Yeronimo, mfasiri mkuu wa Biblia kwa Kilatini, aliishi Bethlehemu kuanzia mwaka 386 hadi alipokufa. Katika mahubiri yake ya sikukuu hii alilalamika kwamba kwa heshima ya Kristo watu walikuwa wameondoa hori la udongo na kuweka la fedha, akasema kwamba lile lililoondolewa lilikuwa na thamani zaidi kwake. Zama zile za kale, na tayari tulikuwa tumeanza kuona haya na hori.

Kila baada ya muda Kanisa limekuwa na mtu wa kulirudisha. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, Fransisko wa Asizi aliomba pawekwe hori lenye nyasi, ng'ombe na punda wa kweli, na Misa ikasomwa hapo usiku, wanakijiji wakiwa na mishumaa mikononi. Pango linalopangwa kila Desemba katika parokia zetu linatokana na usiku ule. Waandishi wa maisha yake wanaongeza jambo ambalo halipambi pango lolote: Fransisko alitaka siku ya Krismasi matajiri wawashibishe maskini wenye njaa, na ng'ombe na punda waongezewe nyasi kuliko siku nyingine.

Walioambiwa kwanza

Wachungaji walikuwa kazini. Luka anasema walikuwa makondeni "na kulinda kundi kwa zamu usiku". Siku hizi wahubiri hupenda kusema kwamba wachungaji walidharauliwa na kuhesabiwa wezi. Ushahidi wa hilo unatoka katika maandiko ya Kiyahudi ya baadaye, na Daudi mwenyewe alikuwa mchungaji wa huko huko Bethlehemu, kwa hiyo tusiwaongezee dharau ambayo Luka hajaitaja. Inatosha kwamba walikuwa watu wa kawaida, wanafanya kazi ambayo wengine wakiwa wamelala mtu lazima aifanye.

Usiku wa tarehe 24 nao wapo. Mlinzi yuko getini na redio ndogo. Nesi wa zamu ya usiku yuko wodi ya wazazi. Dereva wa lori yuko Chalinze, na dada wa kazi anakwangua sufuria saa tano usiku ili wenye nyumba wawahi mkesha. Hawa hukosa ibada, na wengi wao hujiona wamekosa Krismasi. Habari ilivyoandikwa, ujumbe uliwafuata walio zamu hadi walipo. Waliokuwa wamelala mjini waliusikia baadaye, kutoka kwa wachungaji.

Historia ya Ukristo wa pwani yetu inakwenda vivyo hivyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, waumini wao wa mwanzo walikuwa watoto na watu wazima waliokombolewa kutoka utumwani. Kwa walioiona Krismasi ya kwanza katika kanisa lile, maneno ya wimbo wa Mariamu katika Luka sura ya 1, kwamba Mungu amewakweza wanyonge, yalikuwa habari ya maisha yao. Ni kutoka Bagamoyo kwamba mapadre hao walipanda hadi Kilema, Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1890.

Njiwa wawili

Kuna aya moja ambayo husomwa mara chache wakati wa Krismasi, nami naiona kuwa ufunguo wa jambo zima. Siku zilipotimia, Yusufu na Mariamu walimpeleka mtoto Yerusalemu, na Luka anataja sadaka waliyotoa kwa sheria ya Bwana: hua wawili, au makinda mawili ya njiwa.

Ukifungua Walawi sura ya 12 utaona sheria hiyo. Mwanamke aliyezaa mtoto wa kiume husubiri siku saba, kisha siku thelathini na tatu, jumla arobaini, ndipo analeta mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na njiwa mmoja. Halafu aya ya 8 inafungua mlango: kama hana uwezo wa kupata mwana-kondoo, alete ndege wawili. Basi Luka, bila kusema neno "maskini", ametuonyesha risiti. Hawakuweza kununua kondoo. Mama aliyeimba kwamba Mungu amewashusha wakuu katika viti vyao vya enzi alisimama hekaluni na sadaka ya daraja la chini, mbele ya watu waliojua maana yake kwa kuiangalia tu.

Hapo pia dhahabu ya mamajusi inapata mahali pake. Kama Yusufu na Mariamu wangekuwa tayari na dhahabu, uvumba na manemane, wangeshindwaje kununua kondoo? Wafafanuzi wengi huona kwamba wageni wale wa mashariki walifika baadaye. Mathayo anasema waliingia nyumbani, wala hasemi walikuwa wangapi. Wenye mali walifika, wakapokelewa, zawadi yao haikukataliwa. Lakini walimkuta mtoto amekwisha kuhesabiwa, amekwisha kutahiriwa, na kwa maelezo hayo amekwisha kutolewa sadaka ya njiwa. Hawakuongeza kitu juu ya utakatifu wa kuzaliwa kwake.

Katika sharika nyingi za Kilutheri mtu huweza kuiona aya hiyo ikitendeka. Matoleo huja kwa aina zote: bahasha, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, debe la mahindi, na mayai mawili yaliyoviringishwa kwenye kitambaa. Baada ya ibada watu hutoka nje na mnada huanza. Mzee wa kanisa anainua yai juu. "Nani ana mia tano?" Mtu anasema elfu moja, analipa, na badala ya kulipeleka nyumbani anasema, "Nalirudisha." Yai linanadiwa tena. Wa pili anatoa elfu mbili, naye analirudisha. Yai lile lile linaweza kuzunguka mikononi mwa watu wengi na kuleta fedha kuliko bahasha nono, na bibi aliyelileta amesimama pembeni, ameshika mkongojo, anacheka na wenzake. Sijui njia bora zaidi ya kumweleza mtu kwamba kanisani mwake sadaka ndogo haikupokelewa kwa kuhurumiwa.

Na pilau je?

Kuna wahubiri ambao kila Desemba hukaripia pilau na nguo mpya, kwamba watu wamegeuza Krismasi kuwa ya tumbo. Ninaelewa wanachokiogopa. Ulevi wa wiki nzima, ajali za barabarani, mshahara unaoisha tarehe 26 na watoto wakafukuzwa shule kwa kukosa sare na michango, haya ni majeraha ya kweli. Lakini katika kukaripia huko mara nyingi wanampiga asiyestahili.

Yohana aliandika kwamba Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu. Kama Mungu aliukubali mwili, na njaa yake, na kunyonya kwake, basi sahani ya pilau kwa mtoto aliyekula ugali na mboga za majani tangu Pasaka imo ndani ya imani. Gauni ambalo fundi cherehani amelimaliza saa sita usiku wa mkesha, akiwa na foleni ya akina mama nje ya kibanda chake, ni njia ya mama ya kumwambia binti yake kwamba leo ni siku kubwa na wewe umo ndani yake. Wenye nacho hula vizuri siku yoyote wakitaka. Ni mnyonge anayehitaji sikukuu ili ale nyama.

Biblia yenyewe ina kipimo cha sherehe. Katika Nehemia, sura ya 8, watu wanaambiwa waende wakale kilichonona na kunywa kilicho kitamu, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Agizo la pili limo katika sentensi ile ile ya kwanza. Mitaa yetu mingi hulifuata bila kulisoma. Asubuhi ya Krismasi watoto hutumwa na sahani zilizofunikwa kwa kitambaa hadi kwa jirani Mwislamu, na Idd ikifika sahani hizo hurudi zimejaa. Mjane wa nyumba ya tatu hupelekewa kabla wenye nyumba hawajakaa mezani. Mahali ambapo sahani hizo zimekoma kutembea, hapo ningekubali kwamba Krismasi imepungua, hata kama nyama ni nyingi.

Wimbo wa Mariamu nao hauishii kwenye sahani. Unasema wenye njaa wameshibishwa mema na wenye mali wameondolewa mikono mitupu, na hilo ni neno gumu kwa Mkristo aliyeajiri watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa alipwe mshahara wake wa msingi mara mbili kwa saa alizofanya. Mlinzi na dada wa kazi wanaolipwa hivyo ni wachache mno kwa ninavyoona mitaani. Kumpa dada kitenge na kumnyima haki yake ni kumpunja huku unamchekea. Yohane Krisostomo, mhubiri wa karne ya nne, aliwaambia waumini wake wasimheshimu Kristo kanisani kwa mavazi ya hariri huku wakimwacha nje akiwa uchi na baridi, kwa kuwa aliyesema "huu ni mwili wangu" ndiye aliyesema "nilikuwa na njaa msinipe chakula".

Wala habari yenyewe haifichi giza. Baada ya zawadi za mamajusi Mathayo anawaleta askari wa Herode, watoto wa Bethlehemu wa miaka miwili kushuka wakiuawa, na familia ikikimbilia Misri usiku. Desemba 2023, vita ya Gaza ikiendelea, makanisa ya Bethlehemu yalifuta sherehe za mitaani, na Kanisa la Kilutheri mjini humo lilimlaza mtoto wa pangoni juu ya kifusi cha mawe. Aliyefiwa mwezi huu wa Desemba, au aliye kambini mbali na kwao, asidhani kwamba machozi yake yanaharibu sikukuu ya wengine. Yamo katika sura ya pili ya Mathayo.

Siku arobaini

Turudi hekaluni pamoja na wale njiwa, kwa kuwa kuna jambo limebaki. Siku hiyo palikuwa na makuhani, na Luka hasemi kama yupo kati yao aliyegeuka kuwatazama wale wazazi wawili. Waliowaona ni wazee wawili. Simeoni alimpokea mtoto mikononi mwake. Na Ana binti Fanueli, mjane wa miaka themanini na minne aliyeishi kwa kufunga na kuomba, akatokea saa ile ile, akamshukuru Mungu, kisha akawaeleza habari za mtoto wote waliokuwa wakiutazamia ukombozi wa Yerusalemu. Baada ya wachungaji, mtangazaji aliyefuata alikuwa bibi mjane.

Makanisa mengi hukumbuka siku hiyo tarehe 2 Februari, siku ya arobaini ukianza kuhesabu na Krismasi yenyewe. Sokoni sikukuu huisha tarehe 26 mapambo yakishushwa bei. Kanisani inaendelea: Stefano shahidi tarehe 26, watoto waliouawa na Herode tarehe 28, mamajusi tarehe 6 Januari, njiwa Februari. Kwa hiyo aliyekosa nauli Desemba na akaipata Januari bado anaweza kupanda mlimani, nauli ikiwa imeshuka na nyumbani kukiwa kimya kiasi cha mama kupata nafasi ya kuzungumza naye. Aliyeshindwa kumlipa dada wa kazi haki yake ya tarehe 25 anaweza kumlipa leo. Na ile sahani ya mjane wa nyumba ya tatu, kama ilisahaulika, sufuria lipo.